Hodi, Wenye Ruta!

Intaneti ya nyumbani kwetu ikiwa nzima ina wenyewe wengi. Ni ya mama watoto, anayeuza mashuka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni ya kijana wetu wa chuo, anayesema anafuatilia mihadhara. Ni ya binti, ambaye sijui anafuatilia nini na nimeshauriwa nisiulize. Na ni ya mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutibiwa macho, akatibiwa, akapona, na sasa anayamalizia macho hayo kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ikikatika tu, wenyewe wote wanajiuzulu, nabaki mimi. "Baba, intaneti yako imekata." Asubuhi ilikuwa yetu.

Nayo haikatiki ovyo. Ina adabu ya kusubiri saa mbili usiku, watu wameshakula, vyombo vimetolewa, kila mmoja ameshika kona yake. Hapo ndipo lile duara la kusubirisha watu linapoanza kuzunguka kwenye televisheni, mchumba wa Kituruki akiwa amefungua mdomo kutamka jambo ambalo mama mkwe amelingoja tangu wiki iliyopita.

Kinachofuata ni kikao cha nadharia. Mama watoto anasema ni mvua, hata kama mvua yenyewe iko Morogoro. Kijana anasema kampuni wametubania makusudi ili tununue kifurushi kikubwa. Binti anasema ni kaka yake anapakua muvi. Mama mkwe anasema, kwa sauti ya chini, kwamba jirani yule hatupendi. Na shemeji aliyepita kusalimia, ambaye ukimwambia akuonyeshe ruta atakuonyesha king'amuzi, anatoa hukumu ya kitaalamu: "Hiyo ni seva." Wote wanaitikia kwa kichwa. Seva gani, ya nani, iko wapi, hakuna anayeuliza.

Huku kutouliza ndiko kunakonichosha kuliko hata intaneti yenyewe. Nchi hii ukishaambiwa mtandao unasumbua, basi umefungwa mdomo. Dirishani benki, mapokezi hospitali, kwa wakala wa pesa pale kona: mtandao unasumbua, jaribu kesho. Unashukuru, unaondoka. Kauli moja imefunika waya, nguzo, bahari na mtumishi aliyekwenda kunywa chai.

Mimi nataka kujua ni mtandao upi. Kati ya mama mkwe na mchumba wake wa Kituruki kuna hewa ya sebuleni, kuna ruta, kuna waya wa faiba unaopita kwenye mwembe wa jirani, kuna mitambo ya kampuni, kuna nyaya zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, na huko mwisho kabisa kuna hiyo seva ya shemeji. Kila kipande kina mtu wake wa kulaumiwa. Sipendi kumgombeza asiyehusika. Nguvu za kugombeza zinapungua na umri, lazima zitumike kwa mpango.

Kampuni yetu, ambayo siitaji, ina dawa moja kwa magonjwa yote. Ukipiga simu unasikilizishwa muziki, unaambiwa simu yako ni muhimu sana kwao, unasikilizishwa muziki tena, ndipo anapokea binti mmoja mpole kupita kiasi. "Karibu mteja wetu, nikusaidie nini?" Unamweleza. "Pole sana baba. Umejaribu kuzima ruta na kuiwasha?" Nimejaribu. "Naomba uizime, usubiri sekunde thelathini, halafu uiwashe tena." Na anabaki kwenye simu, unamsikia anavyozihesabu moyoni.

Kinachoudhi ni kwamba mara nyingine inasaidia. Ruta nayo ni kompyuta, ndogo tu. Ina kumbukumbu, na kwenye kumbukumbu hiyo inaandika mazungumzo yote yanayopita: simu ipi inaongea na seva ipi, kupitia mlango gani. Hizi za bei nafuu, ambazo kampuni hukupa "bure", zikikaa muda mrefu bila kupumzika orodha inajaa, au programu yake inajikwaa mahali haiwezi kunyanyuka. Ukiizima unafuta vyote, inaanza upya na akili tulivu, inaomba na anwani mpya huko kampuni. Sawa. Lakini na ushahidi umeufuta. Kesho saa mbili usiku ikikata tena hutajua zaidi ya ulivyojua jana, na yule binti mpole atakupokea upya, naye akiwa hana kumbukumbu.

Ndiyo maana mimi kabla ya kugusa swichi nafungua dirisha jeusi.

Dirisha hilo limo kwenye kila kompyuta. Kwenye Windows unaandika cmd pale pa kutafutia. Kwenye Mac na Linux linaitwa terminali. Halina picha, halina kitufe cha kubofya. Ni weusi mtupu, herufi nyeupe, na kimstari kinachopepesa kikikungoja useme unataka nini. Mama mkwe alipoliona mara ya kwanza aliniuliza kwa upole wote wa Kitanga: "Baba, hayo mambo ni ya halali kweli?" Kwa sababu kwenye tamthilia zake mtu akifungua dirisha la namna hiyo ujue benki inaibiwa. Nikamwambia, mama, nabisha hodi tu.

Wala sikumdanganya. Amri ya kwanza ni ping, na kazi yake ni hodi. Kompyuta yako inatuma kipande kidogo cha data kwa mashine uliyoitaja: wenyewe mpo? Mashine ile ikiwa hai, na ikiwa imelelewa vizuri, inakirudisha kile kile: karibu. Dirisha linakuandikia hiyo karibu imechukua milisekunde ngapi kukufikia. Windows inabisha mara nne halafu inaondoka zake, yaani imezidisha moja tu juu ya tatu tulizofundishwa na wazee. Linux haina mipaka. Inabisha, inabisha, inabisha, mpaka uikataze kwa kubonyeza Ctrl na C.

Aliyeiandika ni Mmarekani, Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la nchi kavu huko Aberdeen, Maryland. Ilikuwa Desemba 1983, na mtandao wao ulikuwa unafanya vituko. Akakaa usiku akaandika programu yake, kuiendesha, haiendi: mfumo wa kompyuta yenyewe haukuwa na nafasi ya hodi za aina hiyo. Akakasirika, akaufumua na mfumo, akaongeza kilichokosekana, na jua halijachomoza kila kitu kikawa tayari. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona, kile chombo cha nyambizi kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Basi alipotaka kutuma hodi yake ya kwanza kabisa, akakuta mwenzake ameshaupata ubovu na kuutengeneza. Mwenyewe alikuja kuandika kwamba jambo hilo lilimhuzunisha kidogo. Mimi namwelewa. Namjua mtu kama huyo mwenzake: ni yule shemeji, ambaye siku moja nikiwa katikati ya uchunguzi wangu aliipiga ruta kofi na taa zote zikawaka.

Hodi ina mpangilio, huwezi kubisha kwa mjumbe kabla hujabisha chumba cha pili. Kwanza unajitazama mwenyewe: ipconfig kwa wenye Windows, ip addr kwa wenye Linux. Ruta ndiyo inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia nyumbani. Ukiona anwani yako inaanza na 192.168, kama zilivyo ruta nyingi za majumbani, umepokelewa. Ukiona 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikaamua kujipa yenyewe. Hapo usimpigie mtu simu; ugomvi uko ndani ya kuta zako. Ipconfig hiyo hiyo inakutajia na anwani ya lango, yaani ruta. Kwetu ni 192.168.1.1, na huo ndio mlango wa kwanza.

Kuna kipindi intaneti ilikuwa inakuja na kuondoka, ikifika kwa mama mkwe haifiki kabisa. Nikaandika ping 192.168.1.1. Ruta yenyewe iko sebuleni, mimi niko sebuleni. Majibu yalitakiwa yawe milisekunde moja, mbili, tatu. Yakaja hivi: 2, 3, 3, 412, kimya, kimya, 890, 4, kimya. Yaani kitu ninachokilipia, ndani ya nyumba ninayoilipia, kinachukua karibu sekunde nzima kuniitikia hodi. Na hapo kampuni huwezi hata kuwasingizia, waya wao hatujaufikia bado.

Nikakumbuka kisa kingine alichokihifadhi huyo huyo Muuss. Kuna jamaa alikuwa anatafuta kiunganishi kibovu kwenye nyaya za jengo zima. Akaifanya kompyuta yake itamke "ping" kwa sauti kila jibu linaporudi, akafungulia spika mpaka mwisho, akaanza kuzunguka jengoni akitikisa kiunganishi kimoja baada ya kingine huku akisikiliza sauti itabadilika wapi. Kompyuta mpakato ya kijana wangu ni ya Linux, na kwenye Linux ukiandika ping -a inatoa mlio kila ikiitikiwa. Nikaibeba.

Mbele ya kabati la vyombo: bip, bip, bip. Kwenye korido: bip, kimya, bip. Nikafika mlango wa chumba cha mama mkwe: kimya. Nikarudi nyuma hatua moja: bip. Mbele: kimya. Nikainyanyua kompyuta juu ya kichwa: bip moja, kisha kimya. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake, anamtazama mkwewe aliyesimama mlangoni na kompyuta kichwani akienda mbele na kurudi nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwema, baba?"

"Kwema. Napima hewa."

Hakuuliza la pili, ila shanga za tasbihi nilizisikia zikiongeza mwendo.

Nikarudi sebuleni kwenye chanzo. Hapa inabidi nieleze kwamba mama watoto haipendi ruta. Ina antena mbili, ina taa zinazopepesa, ina waya mweupe usioendana na mapazia. Kwa macho yake ni uchafu ulioletwa na mwanamume. Kwa hiyo aliitia ndani ya kabati la vyombo, rafu ya katikati, akaivika kitambaa cha kufuma. Kitambaa peke yake hakina neno, uzi hauzuii mawimbi, ingawa ruta inaungua joto humo ndani. Lakini mbele ya kitambaa, yamesimamishwa kwa ubavu, kulikuwa na masinia mawili makubwa ya aluminiamu, zawadi ya harusi yetu, ya kupakulia pilau ya watu wengi, ambayo hayajapakua hata wali mweupe tangu harusi hiyo. Mawimbi ya redio na bati la chuma au aluminiamu hawaelewani. Yakilikuta yanarudi yalikotoka. Yaani intaneti imetoka Ulaya, imepita Bahari ya Shamu, imepita pembe yote ya Afrika, imeingia Dar salama salimini, ikaja kukwama kwenye sinia.

Nikayatoa. Bip zikafika chumbani kwa mama mkwe. Zikafika hadi bafuni.

"Na masinia yangu yakae wapi?" aliuliza mama watoto.

"Jikoni."

"Masinia ya harusi yakae jikoni?"

Mazungumzo yalikuwa marefu na sitayaleta yote hapa. Mwafaka ni kwamba ruta ikae juu ya kabati, na kitambaa kitandikwe chini yake badala ya kuivika. Masinia yamerudi mahali pake, yanatazama sebule kwa ushindi.

Bado kulikuwa na kadudu. Usiku usiku hivi, kwa dakika moja au mbili, namba zinapanda, zinashuka, halafu shwari. Nikawa naliacha dirisha jeusi wazi pembeni, nalitupia jicho. Nikaja kugundua namba zikipanda, kijana hayupo kitini. Yupo jikoni anapasha kiporo. Maikrowevu inapasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45 hivi, na waifai yetu inatumia gigahezi 2.4, wako barabara moja, na mlango wa maikrowevu hauzibi kila kitu, hasa ukiwa wa siku nyingi kama wetu. Nikamwambia aweke tena sahani ya pilau, abonyeze. Nikatazama: 3, 4, 210, kimya, 560, kimya, kimya. Ting! 3, 2, 3. Nilifurahi mpaka nikamwambia arudie. Pilau ikakauka.

Dawa ipo: ruta nyingi za sasa zina na gigahezi 5, ambayo haigombani na kiporo. Ila gigahezi 5 inachoka haraka kwenye kuta, na chumba cha mama mkwe kimejengwa kwa zege la mtu aliyeogopa vita. Vijana wote nikawahamishia kwenye 5, mama mkwe akabaki kwenye 2.4, na sasa nyumbani kwetu ni marufuku kupasha chakula wakati wa tamthilia. Tangazo liko kwenye friji.

Halafu kuna ugonjwa mwingine, mbaya kuliko huo, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. Ruta inaitika. Unaruka, unabisha mbali: ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google, ipo tangu Desemba 2009, na dunia nzima inabisha hapo kwa sababu tu inakaririka. Nayo inaitika vizuri. Kumbe njia yote ni nzima, kutoka kitini kwako mpaka nje. Lakini hakuna tovuti inayofunguka, televisheni inakwambia huna intaneti, na shemeji kwenye kochi anasema, "Si niliwaambia ni seva?"

Uchungu ni kwamba hapo alipatia. Mashine hazijui majina, zinajua namba. Ukiandika jina la tovuti, kuna seva maalumu inayoulizwa kwanza jina hili namba yake ipi. Mpango huo, unaoitwa DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka huo huo wa 1983. Kabla ya hapo majina ya kompyuta zote za mtandao yalikaa kwenye faili moja tu, likitunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila mwenye kompyuta alilinakili kwake. Ruta yako kwa kawaida inauliza seva ya majina ya kampuni. Ikilala hiyo, ukibisha kwa namba unaitikiwa, ukibisha kwa jina unaambiwa hakuna mtu wa jina hilo hapa.

Amri yake ni nslookup. Nikaandika nslookup wikipedia.org: kimya kirefu, kisha malalamiko. Nikaandika nslookup wikipedia.org 1.1.1.1, yaani usiulize kampuni, kaulize kwa Cloudflare, ambao walifungua seva yao ya majina tarehe 1 Aprili 2018. Jibu likaja kabla sijaondoa kidole. Nikaingia kwenye ruta, nikabadilisha namba ya seva ya majina, mchumba wa Kituruki akamalizia sentensi yake. Mama mkwe akasema ni dua. Shemeji akasema ni seva. Mimi nikapiga simu kampuni kuwaarifu, kwa nia njema kabisa, kwamba seva yao ya majina imelala. Yule binti alikaa kimya kidogo.

"Pole baba. Umejaribu kuzima ruta?"

Amri ninayoipenda kuliko zote ni traceroute, ambayo kwenye Windows imefupishwa kuwa tracert. Ping inakwambia mwenyewe yupo au hayupo. Hii inakuonyesha umeishia kwenye mlango wa nani. Ujanja wake ni wa kikatili kidogo. Kila pakiti, yaani kipande cha data, inayoingia mtandaoni inapewa namba ya uhai, na kila ruta inayopita inapunguza moja. Ikifika sifuri, ruta iliyo nayo wakati huo inaitupa na kumtumia mwenyewe taarifa ya msiba. Namba hiyo iliwekwa ili pakiti iliyopotea isizunguke mtandaoni milele. Van Jacobson, wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, kwa wazo alilopewa na Steve Deering, akaitumia kinyume: tuma pakiti yenye uhai wa moja, itafia kwenye ruta ya kwanza, nayo itajitaja. Tuma ya mbili, ya tatu, ya nne. Ukiziunganisha taarifa zote za misiba unapata ramani ya safari.

Mbele ya kila mstari kuna milisekunde, na kwa hizo unaweza kukisia uko wapi. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Kwa hiyo mstari wa pili na wa tatu ukiwa na namba ndogo, bado uko Dar. Namba ikiruka ghafla kupita mia, umevuka bahari. Kijana wangu hunung'unika kwamba mchezo wake wa mpira unachelewa. Hajui kwamba kabla waya wa SEACOM haujafika pwani yetu mwaka 2009, habari zetu nyingi zilipanda kwenye satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, zikashuka, na jibu likapanda na kushuka tena. Hodi moja ilikula karibu nusu sekunde kwa fizikia tupu, kabla ya mtu yeyote kuzembea.

Utaona na nyota. Mstari mzima unaweza kuja na nyota tatu bila namba. Usikimbilie kulia, kuna ruta zimekatazwa na wenyewe kuitikia hodi za wapita njia, ziko ndani kabisa zinakusikia, na mizigo zinapitisha. Kama mistari inayofuata ina namba, songa mbele. Kama nyota zimeanza mahali na kuendelea mpaka mwisho, hapo ndipo penye maneno.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba vibaya. Jirani yangu alizima na kuwasha ruta yake mpaka swichi ikalegea. Mimi nilibisha hodi kwa utaratibu: ruta, karibu, kampuni, karibu, anwani za hapa hapa nchini, karibu, nje, kimya. Nikafunga kompyuta, nikatangaza sebuleni kwamba ubovu uko chini ya bahari. Ndiyo siku pekee niliyoheshimiwa, kwa sababu hakuna aliyetegemea nikautengeneze.

Juzi juzi tena, saa mbili usiku. Ruta inaitika kwa milisekunde 2. Nikafuatilia njia: mstari wa kwanza sisi wenyewe, wa pili nyota, wa tatu nyota, nyota mpaka chini. Nikanyanyuka kutazama kile kisanduku cha faiba ukutani: taa ya LOS nyekundu, maana yake mwanga hauingii kabisa. Nikapiga simu nikiwa na vielelezo vyote mkononi.

"Dada yangu, nimefanya traceroute, nyota zinaanzia mstari wa pili, na taa ya LOS ni nyekundu."

"Pole sana baba. Hizo nyota unaziona kwenye ruta?"

"Kwenye kompyuta."

"Sawa. Naomba uzime kompyuta."

Usiku huo ulipita. Asubuhi ukaja ujumbe wa simu kwamba tatizo langu limetatuliwa, wanashukuru kwa uvumilivu wangu. Taa nyekundu ikiwa inanitazama. Fundi alikuja mchana, kijana mwenye ngazi na begi, "Shikamoo mzee," hakuuliza kama nimezima kitu. Alitazama taa, akatoka nje, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye mwembe. Matawi mapya yalikuwa chini, yamerundikwa vizuri. Jirani alikuwa amepogoa mti wake kwa panga, na panga lilikwenda hatua moja zaidi ya tawi. Mama mkwe, aliyetoka barazani kushuhudia, hakusema kitu. Alinitazama tu.

Fundi akaushusha waya, akaumenya, akatoa uzi wenyewe wa kioo ambao unene wake ni sehemu ya nane ya milimita, akaufuta kwa spiriti, akaukata kwa kifaa chake, akaulaza kwenye mashine na uzi wa upande wa pili. Mashine ikaonyesha ncha mbili kwenye kioo chake kidogo, zikasogeleana, cheche moja, zikawa kitu kimoja. Taa ikageuka kijani. Nikadhani atafungua video kujaribu, kama wengine. Hapana. Aliomba kompyuta, akafungua dirisha jeusi, akaandika ping 8.8.8.8. Tukasimama wawili, hatusemi, tunatazama namba zinavyoshuka: 14, 13, 14, 14. Nilitaka kumpa binti yangu amuoe.

Mama mkwe akawa tayari ameshika rimoti, mchumba wa Kituruki amerudi. Kompyuta ya Linux juu ya meza ikaendelea kubisha hodi yake isiyo na mwisho.

"Baba," aliita bila kugeuka, "hilo dirisha lako lifunge basi, linamaliza bando."

Nilitaka kumweleza kwamba hii ni faiba, haina bando la kuisha. Nilitaka kumweleza kwamba hodi moja ya ping haifiki hata baiti mia, na kwamba ile picha moja ya mawaridi yenye "Asubuhi njema" anayoituma kila alfajiri kwenye magrupu yote ya Tanga inalipa hodi mia kadhaa, kwenda na kurudi. Hesabu ninayo.

"Sawa mama," nikasema, nikabonyeza Ctrl na C.